Uvimbe wa mm 58, shingo ya mm 9: grafti gani itamkaa mzee huyu?

Mgonjwa kwanza. Mzee wa miaka 71, anaishi Uingereza, sigara alivuta miaka mingi akaja kuacha, mapafu yameshachoka, figo zinachuja chini ya kiwango, kipimo chake cha kuchuja, eGFR, ni 48, na tumbo limeshafunguliwa mara mbili kwa saratani ya utumbo mpana, mpaka leo anatembea na mfuko wa stoma, tundu la kutolea choo tumboni, upande wa kushoto. Kwenye siti skani ya kufuatilia ile saratani ndo ikaonekana aorta, ule mshipa mkuu wa damu, imevimba tumboni mpaka mm 58, chini ya mishipa ya figo. Haumwi popote, anakula na kulala vizuri tu. Kule wanaume wakifika miaka 65 wanaitwa kupigwa ultrasaundi ya aorta, yeye barua ilikuja hakwenda. Nieleweke hapa, huyu mzee sio mtu mmoja, nimemuunga kutoka kwenye maumbile na vipimo ambavyo kila anayepanga hizi kazi ameshakutana navyo, ili tuchambue kwa uwazi bila kumwanika mtu.

Aorta ya kawaida sehemu ile ina upana wa kama mm 20, ikifika 30 inaitwa anyurizimu, na kwa mwanaume ikifika 55 ndo mazungumzo ya kuitengeneza yanaanza, kwa mwanamke wengi wanaanza kwenye 50. Kwa hiyo mzee ameshavuka mstari. Sasa watu wengi wanadhani hiyo 58 ndo inachagua grafti, ule mrija wa kitambaa wenye springi ya waya unaopitishwa kwenye mishipa ya nyonga mpaka ndani ya aorta, eti uvimbe mkubwa weka grafti kubwa, kumbe hiyo namba inakwambia lini tu. Pale kwenye uvimbe grafti haishiki kitu, inapita katikati ikielekea chini. Inaposhika ni juu, kwenye kipande cha aorta nzima kilichobaki kati ya mishipa ya figo na pale uvimbe unapoanzia, ndo tunaita shingo, halafu chini inashika kwenye mishipa ya nyonga, mguu mmoja wa grafti huku mwingine kule. Shingo ikikataa kushika damu inaingia nyuma ya kitambaa, uvimbe unaendelea kupigwa na presha ile ile kama hujafanya kitu, na mbaya zaidi kila mtu anajua kwamba mzee "ameshatibiwa".

Kwa nini asipasuliwe tu tumbo wakashona grafti kwa mkono? Swali la haki kabisa, na Uingereza mwongozo wa 2020 wa NICE, taasisi yao inayotoa miongozo ya matibabu, wenyewe unaegemea upasuaji wa wazi kwa uvimbe ambao haujapasuka. Sababu yao sio ya kubeza, kwenye utafiti wa EVAR-1 uliosajili wagonjwa 1999 hadi 2004, vifo vya siku 30 vilikuwa 1.7% kwa grafti ya ndani na 4.7% kwa upasuaji wa wazi, lakini walivyofuatiliwa mpaka kama miaka 15 mambo yakageuka, baada ya mwaka wa 8 waliowekewa grafti walikuwa wanakufa zaidi, na sehemu kubwa ya tatizo ni uvimbe kupasuka baadaye huku grafti iko ndani. Ila mwongozo huo huo unaruhusu grafti kwa mtu mwenye tumbo gumu kuingilika au asiyefaa kwa usingizi mzito, na huyu mzee ana vyote viwili, makovu mawili, stoma, na mapafu ambayo mtaalamu wa usingizi akiyaona anakaa chini kwanza. Basi grafti. Bado swali ni ipi.

Ripoti ya kwanza iliyokuja na picha ilikuwa fupi: shingo urefu mm 16, upana mm 29, anafaa kwa grafti ya kawaida. Mpango ukaandikwa kwa kalamu, mwili mkuu wa mm 32, miguu miwili, na kitanda tayari kimetafutwa. Mimi ripoti inayosema "anafaa" bila kuonyesha imepimwa wapi huwa sina imani nayo, kwa sababu hizo namba mbili zilipatikana kwa kupiga mistari kwenye vipande vya mlalo vya skani, kama mtu anavyokatwa soseji, na aorta ya huyu mzee haikusimama wima, shingo yake imelala kwa kama digrii 35.

Kitu kilicholala ukikikata mlalo duara linageuka yai. Ndo kilichotokea pale, kwenye kipande kile aorta ilionekana mm 24 kwa 29, na aliyepima akachukua upande mrefu. Ukichukua 24 ukaigawa kwa kosaini ya digrii 35 unapata 29 na ushee, yaani ile 29 yote ni mlalo wa shingo, unene halisi haupo hapo. Unatakiwa uchore mstari wa katikati unaofuata njia ya damu, halafu upime kwa kukata kwa pembe mraba na huo mstari, na skani yenyewe iwe ya vipande vyembamba, mm 1 au chini ya hapo, vya mm 5 havikusaidii kitu. Ilivyofanywa hivyo shingo ikatoka mm 24 pale chini tu ya figo.

Na urefu je? Huo ndo ulinishangaza zaidi. Mishipa ya figo ya huyu mzee haiko usawa mmoja, wa kushoto umetoka mm 6 chini ya ule wa kulia, na shingo inaanza kuhesabiwa kwenye ukingo wa chini wa mshipa ulio chini kuliko wote, kwa sababu kitambaa cha grafti ya kawaida hakiruhusiwi kuufunika. Aliyepima alianzia kulia. Ukianzia kushoto, ukafuata mstari wa katikati, unabakiwa na mm 9. Tena hizo 9 nazo sio za kujivunia, juu ni 24 lakini ukifika mwisho wa hiyo mm 9 ni 28, halafu hapo inafunguka moja kwa moja kwenye uvimbe. Ni shingo ya faneli iliyogeuzwa, na ukitumia kanuni kali kwamba shingo inaishia pale upana unapoongezeka kwa 10%, hata hizo 9 hazifiki. Juu ya hapo ukuta wa nyuma una bamba la kalsiamu.

Sasa tupige hesabu ya ile grafti ya 32. Grafti ya aina hii inawekwa kubwa kidogo kuliko mshipa, 10 hadi 20% hivi, ili ile springi ya waya isukume kuta na kuziba. Ukizidisha sana kupita 30% kitambaa hakina pa kwenda, kinajikunja kinatengeneza mifereji ambayo damu inapita, na shingo yenyewe inasukumwa iendelee kupanuka. 32 juu ya 24 ni 33%. Haya, useme basi tupunguze, tuweke 28, juu kabisa itakaa vizuri, ni kama 17%, lakini mm 9 chini yake mshipa nao ni 28, grafti inagusa tu, haisukumi chochote, na kwa hiyo unachobaki nacho cha kushikia kweli kweli ni milimita chache za juu. Ukipima kwa chini inaharibika juu, ukipima kwa juu inaelea chini. Hakuna saizi dukani inayotatua umbo hilo, na ndo maana nasema kwenye hizi kesi usibishane kuhusu saizi kabla hujakubaliana kuhusu umbo.

Kila mtengenezaji anatoa maelekezo ya matumizi, mgonjwa gani kifaa chake kimepimiwa. Nyingi zilikuwa zinataka shingo ya mm 15 na mlalo usizidi digrii 60, grafti moja inayoitwa Endurant inakubali kuanzia mm 10. Huyu wa 9 yenye faneli yuko nje kwa zote mbili. Utaniambia watu wanaweka nje ya maelekezo kila siku. Ni kweli, na tunajua inavyokwenda: mwaka 2011 Schanzer na wenzake Marekani walichapisha uchambuzi wa picha za wagonjwa 10,228 waliowekewa grafti kati ya 1999 na 2008, ambao maumbile yao yalikuwa ndani ya maelekezo makali zaidi walikuwa 42% tu, na kufika mwaka wa 5 uvimbe ulikuwa umeendelea kukua kwa 41% ya wagonjwa. Fikiria hiyo, kifaa kimewekwa ili uvimbe usikue. Siku ile kwenye meza picha ya mwisho huwa inapendeza hata kwa shingo mbovu, kwa hiyo anayeweka anaondoka ameridhika, na deni linakuja kulipwa baada ya miaka minne, mitano, na mtu mwingine kabisa.

Njia zilizobaki mezani zilikuwa tatu. Ya kwanza, grafti ya kawaida halafu ipigiliwe kwenye ukuta kwa vimisumari vidogo vilivyosokotwa kama skrubu, EndoAnchor, na vimeshakubaliwa kutumika na Endurant kwa shingo fupi za mm 4 hadi 10. Wazo zuri, ila msumari unataka ukuta wa kuuma, na hapa nyuma kuna bamba la kalsiamu, na umbo la faneli liko pale pale, misumari haibadilishi umbo. Ya pili ni kupandisha grafti juu ya mishipa ya figo na kupitisha stenti ndogo, vibomba vya waya vya kuacha mshipa wazi, pembeni yake, kati ya grafti na ukuta, zipeleke damu kwenye figo. Hii uzuri wake vifaa vyote viko kabatini, mtu akija usiku uvimbe unapasuka unaweza kuifanya saa hiyo hiyo, tatizo ni ile nafasi inayobaki kando ya hizo stenti, damu inapenyeza humo. Kwa mtu asiye na dharura mimi nisingeanzia hapo.

Ya tatu ni grafti yenye madirisha. Hii haitegemei hiyo shingo kuziba, inapanda juu zaidi mpaka kwenye aorta yenye kuta sambamba, kwa huyu mzee upana ni mm 24 kuanzia usawa wa mshipa wa utumbo mpaka figo, na kitambaa kinatobolewa pale mishipa inapotokea. Ilianza kufanyiwa kazi sana Perth, Australia, miaka ya mwisho ya 1990, na Marekani ile inayoitwa Zenith ilikubaliwa 2012 kwa shingo za mm 4 hadi 14, upana 19 hadi 31, na mlalo chini ya digrii 45. Mzee wetu, 9, 24 na 35, anaingia ndani. Ni kifaa kinachoshonwa kwa ajili ya mtu mmoja, jina lake linaandikwa kwenye boksi, na kinachukua wiki kadhaa kiwandani. Kwa 58 isiyouma unaweza kusubiri, angekuwa na 75 na maumivu ya mgongo mazungumzo yangekuwa mengine kabisa.

Kupanga hayo madirisha ndo kazi ninayoipenda kuliko zote, ngoja nikae hapa kidogo. Kila mshipa unapewa anuani mbili: uko umbali gani kutoka ukingo wa juu wa grafti, na uko namba ngapi kwenye uso wa saa ya ukutani, ambapo 12 ni mbele ya tumbo, 6 ni uti wa mgongo, na 3 ni kushoto kwa mgonjwa kwa sababu skani tunaitazama kutokea miguuni. Mshipa wa utumbo uko 12 juu kabisa, huo haukutobolewa dirisha, ukingo wa kitambaa ulikatwa kibonde cha upana wa mm 10 na kina mm 12. Figo ya kulia ikaandikwa 10:00, mm 16 kutoka juu. Ya kushoto 3:00, mm 22, ile ile tofauti ya mm 6 iliyopotea kwenye ripoti ya kwanza sasa inaonekana kwenye mchoro. Madirisha ya figo ni madogo, upana 6, urefu 8, yamezungushiwa alama za dhahabu ili yaonekane kwenye eksirei.

Sasa angalia uchokozi wake. Aorta ya mm 24 mzingo wake ni kama mm 75, gawanya kwa 12, kila saa moja ni mm 6 na kitu. Ukikosea nusu saa tu, kitu ambacho kwa jicho kwenye skrini hata hukioni, umekosea mm 3, nusu ya dirisha zima limeangalia ukuta. Ndo maana vipimo hivi vinafanywa na watu wawili kila mmoja kivyake halafu vinalinganishwa, na wakitofautiana zaidi ya robo saa wanarudi wote kwenye picha. Kuna nafuu moja, mwili wa juu wa grafti, saizi 28, unafunguliwa kwanza nusu tu, umefungwa nyuzi kwa nyuma, kwa hiyo bado unaweza kuzungushwa na kupandishwa kidogo mpaka katheta, mrija mwembamba wa kuongozea, ipite dirishani na kuingia kwenye figo, ukishaingia kote kuwili ndo nyuzi zinafunguliwa.

Chini kwenye nyonga mambo yalikuwa mepesi upande wa kulia, mshipa wa mm 14 mguu wa 16. Kushoto 18, mguu wa 20, hapo ni 11%, inatosha lakini haina akiba, nitarudi. Shida ya kushoto ilikuwa ni mlango. Mshipa wa nyonga wa nje kulia una 8.5, bomba la kuingizia la namba 20 kwa nje lina kama mm 7.7, linapita. Watu wanachanganya hapa, hizo namba za bomba ukigawa kwa 3 unapata upana wa ndani, 20 ni mm 6.7 hivi, lakini kinachokwangua mshipa ni unene wa nje. Kushoto mshipa ni 6.5 na una pete ya kalsiamu, na bomba kubwa la pili linatakiwa lipite huko huko ili kubeba katheta za figo mbili. Ukilazimisha, mshipa unachanika au unatoka na bomba. Iliamuliwa kutumia baluni ya mawimbi ya mshtuko, inapasua kalsiamu ndani ya ukuta bila kuchana mshipa, halafu ndo bomba lipite. Njia nyingine ni kushonea mrija kwenye mshipa wa juu zaidi, lakini upande huo ndo wenye stoma na kovu, nani anataka kupita hapo.

Urefu nao una mtego wake. Mishipa ya nyonga ya wazee imepinda kama mto, unaipima kwa mstari wa katikati unapata namba, halafu siku ya kazi unaingiza ule waya mgumu na kila kitu kinanyooka, namba inabadilika. Grafti hii inakuja vipande vitatu, bomba lenye madirisha, mwili wenye miguu, na mguu wa ziada, na pale vinapoingiliana kuna nafasi ya kuvuta au kusukuma, kwa hiyo mpango uliacha muingiliano mrefu kuliko ule wa chini kabisa unaoruhusiwa. Kila kiungo pia ni mahali panapoweza kuvuja miaka ya mbele, hiyo ndo bei yake.

Siku ya kazi: baluni kushoto, bomba likapita, kipande cha juu kikawekwa, dirisha la kulia likashikwa haraka, la kushoto likasumbua, katheta ilikuwa inapiga ukuta kidogo juu ya mlango wa mshipa, grafti ikashushwa kama mm 2 ikaingia. Kila figo ikawekewa stenti yenye kitambaa, na ncha yake ya ndani ikapanuliwa kwa baluni ili ikumbatie dirisha. Dawa ya kontrasti, inayofanya mishipa ionekane kwenye eksirei, ilibanwa kwa ajili ya zile figo, picha ya skani ya zamani ikawekwa juu ya eksirei ya moja kwa moja ili kutafuta njia bila kumwaga dawa kila mara. Picha ya mwisho: juu hakuna kinachovuja, chini hakuna, ila kuna damu kidogo inarudi ndani ya uvimbe kutoka mshipa mdogo wa kiuno. Hiyo ni endoliki, yaani damu kuingia kwenye uvimbe, ya aina ya II, haitoki kwenye grafti, na uvimbe usipokua inaachwa.

Kwenye skani ya mwezi mmoja hiyo endoliki bado ilikuwepo, kwenye ya mwaka mmoja haikuwepo, na uvimbe ulisoma mm 53. Mm 5 ndo tofauti inayokubalika kwamba kweli umenywea na sio mkono wa mpimaji. eGFR ilisimama 46. Stenti ya figo ya kushoto, ile iliyosumbua, kwenye ultrasaundi spidi ya damu imepanda kidogo kuliko ya kulia, kwa hiyo hiyo inaangaliwa kila miezi 6 badala ya mwaka, maana ikijikunja au kubana figo inaweza kufa bila mzee kuhisi kitu.

Na ile nyonga ya kushoto yenye 18. Mwaka huu imesoma 19 na mguu uliomo ni wa 20, ikifika 20 grafti imebaki kugusa tu kama ile hesabu ya shingo, na damu itaanza kurudi kutokea chini. Mpango wake umeshaandikwa kwenye faili: mguu wenye tawi, unaoshuka mpaka mshipa wa nje huku tawi likiingia kwenye mshipa wa nyonga wa ndani, kwa sababu ukiuziba huo mzee ataanza kuumwa tako kila akitembea, na mfereji ule wa kushoto ulioshapasuliwa kalsiamu unatosha kwa bomba lake, umepimwa tayari.